Njia ya Miguu na Mkwe Wangu

Ulikuwa mwaka wa mapanki. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda kwa Wazungu, na sisi tuliozaliwa na harufu ya ziwa puani tukaachiwa kichwa, mifupa na mkia, ndiyo mapanki yenyewe. Tukavikaanga, tukavisifu. Tuliambiwa ndiyo biashara huria, na mimi nilikuwa huru kabisa: kila asubuhi najitwisha beseni la mapanki, napanda nalo kutoka mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, hadi sokoni kwa barabara yetu ya Ilemela.

Barabara ile ilikuwa pana na haikuwa na adabu. Ng'ombe wa kutoka Magu, baiskeli za mkaa, mikokoteni, malori, na yale mabasi madogo tuliyoyaita vipanya, wote humo humo. Lakini kila mtu alikuwa na pa kupisha. Kwangu hilo lilikuwa kubwa, kwa sababu ya mkwe wangu, mume wa binti yangu wa kwanza. Kwetu Wasukuma mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakutani uso kwa uso. Nikiona kofia yake inakuja, nazunguka nyuma ya duka. Akisikia sauti yangu, na sauti ninayo, anajificha nyuma ya lori. Tuliheshimiana sana, tulikuwa hatujaonana vizuri tangu harusi.

Halafu wakubwa wa mji wakaamua kuipanga barabara. Usimamizi wa kazi wakampa nani? Huyo huyo.

Wakaipasua kama sangara. Magari yakapata mnofu wa katikati. Vipanya vikapewa vituo vyake, baiskeli zikachorewa mstari. Sisi wa miguu, ambao ndio wengi, tukapewa panki: kijia chembamba, upande huu mtaro wenye kina, upande huu vyuma vya kutuzuia tusivuke ovyo. Walikumbuka kila kitu wale wataalamu, hata pa kupita maji. Wakwe wakawasahau.

Binti yangu alikuja kunionyesha, kifua mbele. "Mama, ona mume wangu alivyokutengenezea. Gari halitakugusa tena."

"Lilinigusa lini?" nikamuuliza. Lakini ni mwanangu, nikasema nitajaribu.

Nikaingia na beseni langu kichwani. Katikati ya vyuma, nani anashuka na futi yake ya kupimia? Tukasimama wote wawili. Yeye akageukia mtaro, mimi nikageukia vyuma, tukatulia kama mawe ya Mwanza.

"Mama, sogea!" akafoka mwanamke nyuma yangu.

"Nisogee wapi? Mbele kuna mkwe."

"Mkwe? Hii si njia ya miguu?"

"Na yeye ana miguu."

Watu wakacheka, kisha wakajaa pande zote mbili, kisha wakaanza kuruka vyuma. Walioruka wakaangukia kwenye baiskeli, baiskeli zikakimbilia kwenye magari, magari yakasimama. Dereva wa kipanya akatoa kichwa: "Kuna msiba?" Mkwe wangu, kwa heshima aliyonayo kwangu, akaruka mtaroni na suruali yake safi. Maji ya kuoshea mapanki yalikuwa yanapita humo humo. Nikapita bila kumtazama. Kijana amelelewa vizuri.

Jioni binti yangu akaja, kifua si mbele tena. "Mama, wakubwa wamemwambia watu wa miguu wasipopita njia yao, kazi hana. Na watu wanakutazama wewe. Usipopita, hawapiti."

"Akate vyuma pale dukani, tupate pa kusimama."

"Ramani hairuhusu."

"Basi ramani ije kubeba beseni."

"Mama, nakuomba. Nina watoto."

Iliniuma, sitadanganya, wale watoto ni wajukuu zangu. Lakini heshima ya baba yao ndiyo niliyokuwa nailinda. Nikamwambia: "Njia isiyo na pa kupisha mimi sipiti."

Vyuma vilikuja kukatwa baadaye, pale pale dukani, na mkwe wangu kazi yake anayo. Ila siku ya ufunguzi hayo hayakujulikana bado. Mgeni rasmi alikuwa amekaa chini ya turubai, kijia kimefagiliwa, na mtendaji wa kata akanijia ananyenyekea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Wewe ndiye mkubwa wa mtaa. Tangulia, wengine wafuate."

Nikachungulia. Mwisho wa kijia niliiona ile kofia, imeshageukia mtaro, inangoja hatima yake. Nikajitwika beseni, nikashika barabara ya magari, katikati kabisa, kwenye mnofu. Akina mama wote wakanifuata. Magari yakasimama nyuma yetu, yanapiga honi kama harusi. Trafiki akaja mbio, filimbi mdomoni.

"Bibi! Bibi! Njia yako si ile pale?"

"Njia isiyo na pa kupisha mimi sipiti."