Kola Isiyo na Manyoya

"Bibi, kwa nini kola ya koti lako haina manyoya?"

Nilimuuliza Fevronia swali hilo nikiwa na miaka minane, asubuhi moja alipoleta barua nyumbani kwetu. Kope zake zilikuwa nyeupe kwa jalidi, na skafu yake ya sufu imekakamaa kwa pumzi yake mwenyewe kama gome la mti. Kijijini kwetu hata mwanamke asiye na kuku ana kipande cha manyoya shingoni, kwa sababu manyoya ukiyakung'uta jalidi linadondoka, lakini sufu inageuka barafu na kukukwaruza kidevu. Fevronia alinitazama, akanipa gazeti la baba.

"Mpelekee baba yako kabla halijapoa," akasema, akaenda zake.

Gazeti lilikuwa limeganda kama ubao. Lisingeweza kupoa zaidi.

Fevronia amebeba mfuko wa posta kwa miaka ishirini na mitatu. Nyumba zake ni sitini na moja, zimesambaa kando ya mto kana kwamba mtu alizimwaga na kusahau kuziokota, na mzunguko mzima unamchukua saa nne ikiwa mbwa wana adabu. Mumewe alifariki zamani. Mtoto anaye mmoja tu, Kyunnei, anayesoma utabibu wa mifugo mjini Yakutsk. Koti lake, miaka yote hiyo, lilikuwa la ngozi ya mtoto wa farasi, zito, la rangi ya majani makavu. Alilishona mwenyewe kutokana na wanyama wao wenyewe, waliochinjwa mwanzo wa baridi, nyama ikaliwa hadi masika. Watu walimtambua kwa koti hilo akiwa bado mbali.

Oktoba iliyopita koti likapasuka mgongoni, kutoka bega hadi bega. Akalishona kwa uzi wa kano za mnyama, lakini ngozi ilikuwa imechoka, na kila alipovuta sindano tundu jingine lilifunguka. Akaona wazi kwamba halitafika mwisho wa msimu.

Wa kwanza kupata habari alikuwa wifi yake, Akulina. Akulina hupata habari kabla hazijatokea. Alikuja na koti jipya la minki, yule mnyama mdogo kama nguchiro anayefugwa vizimbani kwa ajili ya ngozi yake. Lilimfika kisiginoni na kufagia theluji mlangoni.

"Wifi, unataka kuzikwa na hilo gunia?" akaanza kabla hajakaa.

"Nikifa nizikeni na mfuko wa posta," Fevronia akamjibu. "Huenda huko nako wanangoja barua."

"Cheka tu. Mjini sasa hivi minki inashuka mpaka kisigino, ikiishia gotini wanajua wewe ni wa bara. Mimi nimeshafika kisigino. Basi lile langu la mbweha nakupa. Bure!"

"Hapana."

"Hapana nini? Nimesema bure."

"Bure pia hapana."

Akulina akashika kiuno. "Ni yule binti yako, siyo? Yeye na huruma zake. Anadunga ng'ombe sindano kutwa, halafu anakuja kutufundisha sisi kuwapenda!"

Fevronia alimmiminia wifi yake chai ya maziwa, na habari za mbweha zikaishia hapo.

Ni kweli kwamba Kyunnei alikuwa ameshasema neno lake. Mwaka wa kwanza wa chuo alirudi nyumbani na picha za vizimba kwenye simu, akamwonyesha mama yake moja moja, naye mama akazitazama zote hadi mwisho bila kupepesa. Msimu uliofuata alisema, tena mezani, mbele ya wageni: "Mama, ukivaa ngozi ya mnyama, mimi sitembei kando yako." Mwaka Mpya huo hakuja. Fevronia aliandaa meza ya watu wawili, akala sahani yake, na ya pili akaifunika. Hakumlalamikia mtu. Ila tangu siku hiyo alijua kwamba koti, ambalo kwake lilikuwa kitu cha kuzuia kifo tu, limekuwa mlango. Likiwa la ngozi, Kyunnei haingii.

Kwa hiyo Novemba, Gavril wa lori alipomletea furushi kutoka mjini, alilipokea kwa mikono miwili.

Ndani mlikuwa na koti la buluu, la kitambaa cha nailoni, limejazwa nyuzinyuzi za kiwandani, jepesi kama kuku aliyenyonyolewa. Kyunnei akapiga simu jioni hiyo hiyo.

"Limekutosha?"

"Limenitosha."

"Hakuna aliyekufa kwa ajili yake, mama. Ulivae. Mwaka Mpya nakuja, nataka nikukute nalo."

"Asante, mwanangu. Utanikuta nalo."

Alipojitazama kwenye kioo alijiona kama mto wa kulalia wageni. Lakini haki isemwe: alilipenda. Halikumlemea mabega. Lilikuwa na mifuko ya ndani, mmoja wa miwani na mmoja wa peremende za kuhonga mbwa. Nyuzi thelathini chini ya sifuri lilimpitisha vizuri, nyuzi arobaini pia, akivaa fulana mbili ndani. Akulina alipokutana naye njiani alimzunguka kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Unafanana na hema."

"Hema lina mtu mmoja na halivuji," Fevronia akasema, akaendelea na nyumba zake.

Kila jioni alilirudisha ndani na kulikalisha kwenye kiti karibu na kitanda, si kwa sababu ya utaratibu wowote, bali kwa sababu lilikuwa jipya na alipenda kulitazama.

Sasa, kwetu kuna kitu ambacho mkono hujifunza kabla ya kichwa. Koti la ngozi haliingizwi kwenye joto. Linaachwa kwenye ukumbi wa baridi, ule ulio kati ya mlango wa nje na mlango wa ndani, kwenye msumari wake. Ukiliingiza karibu na jiko linatoka jasho, manyoya yanalegea, na ukitoka nalo asubuhi ule unyevu unaganda na kuling'oa. Mtoto wa miaka mitatu anajua. Ukimwona mtu anaingia na koti lake la ngozi hadi mezani, ujue ni mgeni.

Siku sita kabla ya Kyunnei kufika, Fevronia alirudi amechoka. Vifurushi vya Mwaka Mpya vilikuwa vingi na baridi ilikuwa imefika nyuzi hamsini na moja. Akafungua mlango wa nje. Mkono wake ukalivua koti la buluu ukalitundika kwenye msumari wa zamani, kama ulivyofanya kwa miaka ishirini na mitatu, naye akaingia ndani kulala.

Asubuhi alilitwaa, akaingiza mkono, akakunja kiwiko.

Kwaa!

Ilikuwa sauti ya barafu nyembamba chini ya kwato za ndama. Nailoni ikilala kwenye baridi kali hukakamaa kama kioo: kitambaa kilikuwa kimepasuka kiwikoni kote, na nyuzinyuzi zake nyeupe zikachungulia nje. Fevronia alisimama hapo ukumbini muda mrefu kuliko anavyoruhusiwa mtu kusimama kwenye baridi ile. Kisha akalivaa gunia lake la farasi lenye mishono, akaenda kazini, kwa kuwa wazee walikuwa wanasubiri pensheni zao na wazee hawasubiri maelezo.

Jioni alijaribu kuliziba la buluu. Gundi haikushika. Gundi ya pili ilishika ndani ya nyumba na kuachia nje. Uzi wa dukani ulikata kitambaa. Kitu pekee kilichokuwemo nyumbani ambacho baridi haikiwezi kilikuwa kipande cha ngozi ya mtoto mwingine wa farasi, aliyechinjwa miaka ya baadaye, kilichobaki kapuni. Alikigeuza mkononi mara kadhaa. Kisha akakishona kiwikoni, mishono midogo midogo, na kwa kuwa kiwiko kimoja chenye kiraka kinafanana na ajali, akashona na cha pili.

Kyunnei alishuka kwenye lori la Gavril mchana wa tarehe ishirini na sita Desemba. Mama yake alikuwa amesimama getini na koti la buluu, kama alivyoahidi. Wakanusana mashavu, salamu ya kwetu. Halafu mkono wa Kyunnei ukateremka kwenye mkono wa mama yake, ukafika kiwikoni, ukasimama.

"Hii nini?"

"Kiraka."

"Kiraka cha nini?"

Fevronia hakuwahi kuwa mwongo mzuri. "Cha farasi."

"Umemtia farasi kwenye koti langu!"

"Lilipasuka, mwanangu. Nililitundika ukumbini."

"Nani anatundika koti la nailoni ukumbini, baridi ya hamsini?"

"Mimi."

"Ungesema tu hulitaki, mama. Ungesema. Kuliko kulivunja ukasingizia msumari."

"Nililitaka," Fevronia akasema. "Ndiyo maana lina viraka."

Waliingia ndani. Gavril, aliyeyasikia yote huku akijifanya anakagua tairi, ndiye aliyeyaeneza, na ndivyo yalivyotufikia sisi.

Siku mbili ndani ya nyumba ile waliongea habari za chumvi na kuni. Mara moja tu Kyunnei alirudi kwenye jambo lenyewe, walipokuwa wakila samaki mbichi aliyeganda, aliyechongwa vipande vyembamba.

"Huyo mtoto wa farasi naye alitaka kuishi," akasema.

"Alitaka," Fevronia akakubali. "Nawe ukamla. Ulikuwa darasa la saba. Ukaomba ubavu wa pili."

"Nilikuwa mtoto."

"Ulikuwa mtoto mwenye njaa. Chukua chumvi."

Siku ya tatu baridi ikashika nyuzi hamsini na tatu na shule zote zikafungwa. Barua hazifungwi. Fevronia aliamka, akayatazama makoti mawili, la buluu kwenye kiti na la farasi kwenye msumari. Alijua lipi litamrudisha nyumbani mzima, na alijua lipi litamrudishia binti. Akavuta pumzi, akalichukua la farasi. Alipogeuka, Kyunnei alikuwa amesimama nyuma yake, amejifunga koti lake la mjini hadi puani na nguo nyingi chini yake, mfuko wa posta begani.

"Ulisema hutembei kando yangu," Fevronia akasema.

"Sitembei kando yako. Natembea mbele."

"Mbele kuna mbwa wa Stepan."

"Basi nipe peremende."

Katika baridi kama ile ukungu hukaa chini, mzito, na mtu akipita ndani yake huacha shimo lenye umbo lake, ambalo hubaki wazi kwa muda nyuma yake. Kyunnei alitangulia. Fevronia alimfuata kwenye shimo la umbo la binti yake, nyumba baada ya nyumba, hatua kama kumi nyuma, bila kumwona. Alisikia tu buti zake na, kwenye kona ya Stepan, mbwa akitafuna peremende.

Kwetu walifika saa sita. Mama yangu aliwavuta ndani kwa nguvu, koti la farasi likabaki ukumbini, lile la Kyunnei la nailoni mama akaliingiza kwa mkono wake mwenyewe huku akikohoa kidogo, na hakuna aliyecheka. Wakapewa chai, chapati za maji na malai. Fevronia alimega kipande cha kwanza akakitupa ndani ya jiko, fungu la moto kwa desturi ya kwetu, ndipo akala. Skafu yake aliiweka juu ya goti, nayo ikasimama wima yenyewe kwa barafu.

Kyunnei aliitazama ile skafu. Kidevu cha mama yake kilikuwa chekundu pale ilipomkwaruza.

"Mimi sielewi kitu kimoja," akasema, na safari hii sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Ikiwa umekubali kuvaa ngozi mwili mzima, shingo imekosa nini? Shangazi Akulina alikupa mbweha bure."

"Hata mimi niliwahi kukuuliza, bibi," nikasema. "Ukanipa gazeti."

"Nakumbuka. Lilikuwa limeganda." Fevronia akaipindua skafu yake kuelekea jiko, akaingoja ianze kudondosha maji.

"Kola ilikuwa na manyoya," akasema. "Farasi tulimla. Mbweha nani anamla? Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nawalisha mbweha kwenye shamba la ng'ambo ya mto, kabla halijafungwa. Vichwa vya samaki, ndoo mbili asubuhi, mbili jioni. Wakisikia ndoo yangu wanakuja mbele ya kizimba. Novemba manyoya yakiiva, wachunaji wananiambia: Fevronia, tangulia na ndoo. Maana mbweha wakiniona mimi hawakimbii. Natangulia. Mwaka ule nikatangazwa mfanyakazi bora, nikapigiwa makofi, nikapewa kola ya mbweha. Nikaishona usiku huo huo, nikaenda nayo asubuhi, najidai. Walikuwa wamebaki mbweha wale wa kuzalisha tu. Wakaja mbele kama kawaida. Wakaninusa hapa." Akagusa shingo. "Wakarudi nyuma kabisa ya kizimba, wote, wakakaa. Nikagonga ndoo, nikawaita. Hakuna aliyekuja. Kesho yake nikaenda shingo wazi. Wakala."