Kinanda Alipokaa Kimya

Siku ya kwanza alipoingia dukani kwangu, alinishinda bei kwa kuimba. Mimi nauza vitambaa na sijazoea kushindwa. Alikunjua kitambaa cheupe cha majoho ya kwaya, nikataja bei, akaanza kuimba taratibu mpaka wapita njia wakasimama mlangoni.

“Mama, unanunua au unafanya ibada humu?”

“Yote mawili, kaka. Ukishusha bei, nakuongezea pambio.”

Watu wakacheka. Nikashusha.

Alikuwa fundi cherehani na kiongozi wa kwaya. Wenzake walimwita Kinanda. Kisha koo likamuuma, akapasuliwa, na sauti ikabaki pumzi tu, kama upepo unaopita chini ya mlango. Daktari akasema huenda itarudi, huenda isirudi, asubiri.

Kanisa halikuweza kusubiri. Mzee wa kanisa, kwa kumpenda, akatangaza kwamba amekwisha kupona, akamsimamisha mbele ya watu. Gitaa likaanza. Kinanda akafungua mdomo, ikatoka pumzi. Wifi yake akaudaka ubeti upesi, kwaya ikafuata, naye akabaki katikati ya sauti zile kama mtu aliyesimama mtoni, maji yanampita.

Nilidhani ataacha kanisa. Mimi biashara isiyolipa naifunga, na nilimwambia hivyo nilipompelekea mzigo. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja. Nyuzi zilielea kwenye mwanga, na mlio wa cherehani ulisikika kana kwamba unatoka mbali, kama ndotoni.

“Dada, Mungu wako amekunyamazia. Unamng'ang'ania wa nini?”

Alisimamisha gurudumu. Ilibidi niiname nimsikie.

“Hata mimi namuuliza. Kila asubuhi.”

“Anajibu?”

“Wapi! Lakini zamani sikuwahi kwenda kwake bila wimbo. Kama mgeni anayeona haya kuingia mikono mitupu. Sasa sina kitu, naenda hivyo hivyo.”

“Na unamkuta?”

“Siku nyingine chumba kitupu. Siku nyingine tumekaa wawili.”

Nikamwambia hayo si mapato. Akatabasamu, akakanyaga cherehani.

Mvua zikaja zikaondoka, zikaja tena. Kinanda yule yule aliyekuwa akimfokea mwimbaji kwa noti moja iliyopinda, sasa walegevu wa kwaya ndio waliomkimbilia. Siku moja nilimkuta chumbani mwake mama mmoja aliyefiwa ameketi juu ya marobota ya vipande vya vitambaa, analia polepole. Kinanda alikuwa anapinda pindo. Mama yule aliondoka akipumua vizuri.

Mwishowe daktari akasema sauti haitarudi.

“Umelia?” nilimuuliza.

“Jana, kutwa nzima. Nikamlaumu Mungu pia. Hakuondoka, kaka. Safari hii nilijua hakuondoka.”

Alikuwa anamshonea wifi yake joho la kiongozi. Wifi alisimama mbele ya kioo, joho limemkaza mabegani, akanong'ona, “Wifi, litanivaa mimi au nitalivaa mimi?” Kinanda akacheka bila sauti, akamlegezea mshono.

Basi yeye alipoteza uimbaji wake, moja kwa moja. Alichopata siwezi kukipima kwa futi yangu. Mimi napoteza wateja wa alasiri, maana siku hizi nafunga duka nikakae kwenye yale marobota. Sijui kama naomba au napumzika tu. Hajawahi kuniuliza.