Niliyamaliza Maneno ya Shangazi kwa Msiba wa Wengine

Haya, chekeni. Chekeni mmalize, maana hapa Magarama, mtaani kwetu Gitega, wameshacheka wote, kuanzia mama muuza ndagala mpaka katekista, na jina langu la ubatizo limeshazikwa, sasa naitwa Mrithi, "Mrithi, suruali yangu iko tayari?", "Mrithi, wamekugawia ng'ombe wangapi?", na mimi fundi cherehani mzima, mwenye mke na heshima zangu, nainamia mashine najifanya sisikii. Aibu nimeziona nyingi (nimekulia kambini, nimewahi kupanga foleni ya unga nimevaa blauzi ya kike) lakini hii ya Muyinga sina pa kuiweka. Afadhali niisimulie mwenyewe, kwa sababu wanaoisimulia wanatia chumvi, eti nilipigwa fimbo. Hakuna aliyenipiga. Nilishikwa koti tu.

Bila shangazi yangu Leokadia hakuna mkasa, kwa hiyo nianze naye. Ni dada wa baba. Wakati wa vita, wazazi wangu wakiwa wameshakufa, alinibeba mgongoni akavuka nami Tanzania, upande wa Ngara, akanilea, akanifundisha kushona, na amani iliporudi tukarudi wote wawili tukapanga hapa Gitega mpaka alipofariki mwaka jana. Lakini alikuwa na binti wa tumbo lake, Konsolata, aliyebaki Muyinga kwa bibi yake mzaa baba, na huyo Konsolata amekua akijua jambo moja tu: "Mama yangu alimchukua mtoto wa kaka yake, mimi akaniacha." Sivyo ilivyokuwa. Mimi naujua ukweli kwa sababu shangazi alinieleza kwa kinywa chake, jioni baada ya jioni, mashine yake hapa na yangu pale, yeye anasimulia, mimi nauliza, tunarudi nyuma, tunaenda mbele, mpaka nikayajua maisha yake kuliko yangu. Kwa Konsolata hakusema neno, maana yule bibi aliyemlea alikuwa bado hai. "Ndiye mama anayemjua," alisema. "Nimharibie na huyo? Nikishakufa, utamwambia wewe." Bibi mwenyewe akatangulia, shangazi akafuata kabla hajapata kusema, na neno likabaki kwangu.

Siku ya maziko Konsolata alikuja Gitega. Hakulia. Alisimama pembeni mikono kifuani kama mtu anayengoja zamu dukani, na tulipoanza kupanga siku ya kuganduka, ile sherehe ya kumaliza msiba, akasema itafanyika kwake Muyinga na si pengine.

"Hakunilea," akasema mbele ya wote. "Basi angalau msiba wake niufunge mimi."

Nikamwambia vizuri, nitakuja, nina neno la kusema siku hiyo. Akanitazama kuanzia viatu. "Kwangu hujawahi kufika hata mara moja. Utapotea. Nyinyi watu wa Tanzania hamjui hata kwenu."

Sasa hapo, jamani, ndipo shetani aliponiingia. Sipotei, nikajibu. Nami nikiapa nimeapa.

Siku ikafika, Jumamosi ya kiangazi, na ninyi mnajua Jumamosi za kiangazi huku kwetu zilivyo, kila kilima kina hema, huku wanaoa, kule wanaganduka. Nimevaa suti niliyojishonea mwenyewe, nimekaa kwenye gari kutoka Gitega nimebanwa na gunia la mtu, midomo inacheza kama mlevi kwa sababu hotuba naikariri. Niliitaka iwe nzuri. Niliwaza watu watakavyonyamaza, Konsolata atakavyoinua macho, wazee watakavyosema kumbe. Nilipoteremka Muyinga simu ilikuwa mfukoni na namba ya Konsolata ilikuwa ndani ya simu, ningebonyeza tu. Nikakataa. Nimpigie nimwambie nini, kwamba nimepotea? Nikamwita wa pikipiki.

"Kuna kuganduka ya mama mmoja, upande wa huku nyuma ya mji," nikamwambia. "Unapajua?"

"Kuganduka ya ule mama? Mi napajua sana. Panda, patron."

Napajua sana! Anapajua nini? Hakuuliza mama gani, hakuuliza kwa nani, na mimi mjinga nikafurahi kuitwa patron, yaani bosi. Tukapanda vumbi, tukashuka vumbi, akanitupa mbele ya hema kubwa lenye viti vya plastiki na watu wamependeza, akakata kona huyo. (Namtafuta mpaka leo. Alivaa kofia nyekundu. Akimwona mtu amwambie.)

Mtasema si ungetazama picha ya marehemu? Nilitazama. Ilikuwa mbele, imezungushiwa maua, picha ya kitambulisho iliyokuzwa mpaka imekuwa ukungu, mama wa makamo, kitambaa kichwani, hacheki. Nionyesheni mama wa Burundi aliyecheka kwenye kitambulisho. Mtasema si ungesikia jina? Nani alilitaja? Ni nyakwigendera huku, nyakwigendera kule, yaani marehemu, kila msemaji nyakwigendera. Na Konsolata nikadhani yuko nyuma kwenye vyakula. Wenyewe walipoona suti, tena nikasema natoka Gitega, wakanipitisha mpaka kiti cha mbele, wakaniletea Fanta, na mshereheshaji, mtu mnene anayependa sauti yake, akapaza: "Tuko na mgeni kutoka Gitega! Mgeni, iko na neno juu ya nyakwigendera?"

Nilikuwa nalo! Si ndilo nililobanwa na gunia kwa ajili yake?

Nikashika maikrofoni. Kirundi cha hotuba sikiwezi, nikawaomba radhi nikaenda na Kiswahili, wakaitikia kwa kichwa, Muyinga wanakisikia vizuri. Nikawaambia jinsi mama huyu alivyotoka kwake siku ya kukimbia, mimi nikiwa mgongoni na binti yake akiwa mkononi, na mama wa mumewe akaja akaushika mkono wa pili wa yule binti. Akasema huyu ni damu yetu, hatoki. Wakavutana. Mtoto akalia kwa maumivu, na kusikia kile kilio mama akaachia, kwa sababu mmoja wao alipaswa kuachia. Nikawaambia alivyorudi kutoka kambini kumfuata, akafukuzwa na ndugu wa mume, akarudi tena, wakamfukuza tena. Nikawaambia alivyojifunza cherehani kambini, na kila Pasaka akashona gauni la yule binti, akimpima kwa kichwa chake tu, mwaka huu atakuwa amefika hapa, mwaka huu ameota kiuno, na Pasaka nyingine ikikaribia akampa lile gauni mtoto yeyote wa jirani ambaye lilimtosha, akaanza jingine. Na mimi, nikasema (na hapa machozi yalinitoka, sifichi), mimi nilikula mapenzi ya watoto wawili. Alinifanya mzaliwa wake wa kwanza. Aliniambia, kila nilicho nacho ni chako.

Wanawake wanajifuta macho kwa ncha za vitenge. Nikasema moyoni, shangazi, umesikia?

Warundi wana adabu, hapo ndipo walipokosea. Hawamkatizi mgeni. Watu wale walinisikiliza mwanzo hadi mwisho huku ndani wakiungua, na mimi nikadhani wameguswa! Nilipoketi tu, mzee mmoja mwembamba aliyekaa chini ya ile picha akasimama kwa fimbo yake.

"Mume gani huyo?" akauliza taratibu. "Mama wa mume gani? Mumewe ni mimi."

Na kabla sijafungua kinywa, kijana wake mkubwa akanyakua maikrofoni. Kumbe ndiye aliyekuwa karibu kutangazwa mbele ya ukoo kwamba anashika nafasi ya mama katika nyumba, na mimi nimetoka kusema kwamba mzaliwa wa kwanza wa mama huyo ni mimi na kila alichokuwa nacho ni changu.

"Mama yetu hakufikaka Tanzania hata siku moja!" akapiga kelele. "Huyu iko nataka itongo! Shamba la baba iko nataka! Nani amekutuma? We uko mwana wa nani?"

Hapo nikageuka kuitazama ile picha kwa mara ya kwanza nikiwa na akili. Pua si yake. Masikio si yake.

"Samahani," nikasema, "huyu si yeye."

Ningenyamaza! "Alors sasa unamkana!" yule kijana akasema, na mkono mmoja ukanishika koti, na mwingine, na chef wa kilima, kiongozi wao wa mtaa, akaja anadai kitambulisho, akakisoma mbele, akakigeuza, akakisoma nyuma, huku dada mmoja akilia kwamba mama yao amechafuliwa siku ya mwisho, kwamba sasa watu wataondoka wakisema alikuwa na watoto wa siri, mmoja Gitega na mwingine haijulikani. Mimi najitetea, jasho linatoka, nasema nimepotea, na yule kijana anasema mwizi yeyote akikamatwa amepotea. Nilikasirika, ndugu zangu. Mimi nimekuja na neno la kweli, neno la mtu na uchungu wake, naambiwa nataka ndizi zao! Zile ndizi zenyewe zilikuwa na ugonjwa, niliziona.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja, dada wa marehemu. Alikuja akaipiga ile mikono iliyonishika, akanikazia macho.

"Hii mambo haikuwa ya dada yangu," akawaambia wote. "Lakini si ya uongo. Mtu hadanganyi hivi." Kisha akanishika mkono. "Na yule binti? Zile gauni anazijua?"

"Bado, bibi. Yuko hapa Muyinga. Ndiye niliyemfuata leo."

Akauachia mkono wangu kama sufuria ya moto. "Na unatuambia sisi?"

Nikampigia Konsolata. Hapokei. Nikapiga tena na tena, hapokei. Ikabidi yule yule kijana aliyenikamata (ndiyo, yeye mwenyewe, kwa amri ya bibi) anieleze njia, na alinieleza kwa hasira akinyoosha kidole, kumbe ni ng'ambo ya bonde, kilima kinachotazamana na chao. Hata muziki wa hema la Konsolata ungesikika, kama mshereheshaji wao asingekuwa anapiga kelele namna ile. Niliteremka bonde kwa miguu na viatu vyangu vya sherehe, nikapanda upande wa pili nikihema, suti imepauka kwa vumbi.

Hema lilikuwa linakunjwa. Watu wawili watatu wa mwisho walikuwa wakimalizia urwarwa, pombe ya ndizi, na mmoja wao, mzee niliyemjua tangu maziko, akanipa habari bila kuombwa. Walikuwa wameniita. Mshereheshaji aliuliza, mgeni wetu kutoka Gitega yuko wapi, ana neno, akauliza tena, watu wakageuza shingo, wakangoja. Kisha Konsolata akasimama mwenyewe. Akasema: mama yangu alinizaa, akaniacha, namsamehe kwa sababu Mungu ameamuru. Akaketi. Hakuna aliyemjibu, kwa sababu mwenye jibu alikuwa kwenye kilima cha pili akidaiwa kitambulisho. Padri akaomba, msiba ukafungwa.

Konsolata nilimkuta nyuma ya nyumba anaosha glasi kwenye beseni. Hakuinuka.

"Si nilikuambia utapotea."

Nikaanza kumlaumu wa pikipiki, nikamlaumu mshereheshaji, nikamlaumu yule kijana na itongo lake, na yeye anaosha tu, glasi moja, nyingine. Mwishowe nikaishiwa na watu wa kulaumu. Nikavuta ndoo tupu nikaikalia, nikachukua kitambaa nikawa nafuta glasi anazonipa, na nikamwambia. Hotuba ilikuwa imenitoka yote, hata neno moja zuri sikuwa nalo, nikasema tu kama mtu anavyosema, nikikwama, nikirudia, na yeye akaanza kuuliza. Mkono upi alioushika bibi? Wa kushoto. Nililia? Ulilia. Magauni yalikuwa rangi gani? Nikamtajia niliyoyakumbuka. La mwisho alishona lini? Mwaka ule tuliorudi, nikasema, lilikuwa la mtu mzima, na hakulileta kwa sababu alisikia umeshaolewa na bibi yako bado yuko.

Aliacha kuosha. Alikaa mikono ndani ya maji yale yenye povu, analitazama bega lake la kushoto.

"Linaniuma tangu utoto," akasema. "Bibi alisema nilianguka kwenye mti."

Nikajua nimefanya kazi niliyotumwa, nikaanza hata kujipongeza kidogo, ndivyo nilivyo. Ndipo akageuka akanitazama, na macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa kavu kabisa.

"Siku ya maziko ulikuwa unajua haya yote?"

"Nilikuwa najua."

"Ulisimama karibu yangu. Ningekuwa nimemlilia."

Nikaifuta tena glasi niliyokuwa nimeshaifuta. Mniite Mrithi mkitaka, nimezoea. Lakini mtu akiniachia neno la mwenzake, iwe shangazi, iwe mteja aliyekaa hapa kungoja suruali, sitaliweka tena lingoje sherehe wala suti. Nitafunga mashine nimpelekee siku hiyo hiyo, na njia nitaiuliza kwa kila nitakayemkuta.