Tundu la Kofia

Kila asubuhi, kabla hajaonja uji, Mzee Baltazari huizunguka baiskeli yake mara moja. Huanzia gurudumu la mbele, huinama kutazama chini ya tandiko, hupitisha kidole ndani ya madigadi, humalizia kwenye taa ya nyuma. Baiskeli yenyewe imelala ndani tangu jana, na mlango ulikuwa umefungwa. Haidhuru. Akimaliza husema "safi", kwa sauti ya kawaida, bila kumwambia mtu yeyote, ndipo huketi anywe uji wake.

Alijifunza hayo miaka ya hamsini, alipokuwa mkaguzi kwenye kizuizi cha mbung'o, barabara ya Kabungu. Kila chombo kilichokwenda Mpanda mjini kilisimama pale. Baltazari alikuwa na wavu, brashi na bomba la dawa. Alikagua malori, baiskeli za wachuuzi wa dagaa, mizigo ya vichwani, hata migongo ya watu, kwa sababu nzi mmoja aliyejificha aliweza kupeleka malale mahali ambapo hayakuwepo. Asipoona kitu aliandika cheti: Safi, tarehe, jina lake. Padri mmoja alishushwa garini akakung'utwa kanzu mbele ya waumini wake. Nzi alipatikana kwenye mkunjo wa mgongoni, na padri hakupewa cheti mpaka nzi huyo alipouawa.

Mtu aliyezoea kutazama namna hiyo hakupaswa kabisa kupelekwa kwenye filamu za makauboi.

Zilionyeshwa Jumapili alasiri katika ukumbi wa mgodi wa Mpanda, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi. Zilikuwa filamu fupi, za nusu saa nusu saa, zilizotengenezwa Marekani kwa ajili ya televisheni, kitu ambacho hakuna mtu wa pale aliyekuwa amekiona. Farasi nao Mpanda hawakuwepo. Mbung'o wangewamaliza kwa msimu mmoja. Kwa hiyo watu waliamini kila walichoonyeshwa, na pale waliposhindwa kuelewa, alikuwepo karani Gelasius.

Gelasius ni babu yangu mzaa mama, na sioni sababu ya kumpamba. Alikuwa karani wa stoo ya mgodi, na Kiingereza chake kilikuwa cha misumari na sururu. Jumapili alisimama kando ya shuka jeupe, fimbo mkononi, kaki zake zimepigwa pasi hadi zinakata, akatafsiri maneno ambayo hakuyaelewa. Asipojua, alibuni. Alibuni vibaya, nao watu walimpigia makofi.

Baltazari alikaa benchi la tatu na rafiki yake Hamis, mchuuzi wa dagaa. Jumapili ya kwanza alivumilia dakika kumi.

"Samahani, karani. Yule farasi alitoka na mguu mweupe mbele. Huyu mweupe wake uko nyuma."

"Amebadilishana na rafiki yake huko mlimani," babu alisema.

"Rafiki gani? Mbona hatukumwona?"

"Nyie watu wa mbung'o mnataka kuona kila kitu!"

Ukumbi ulicheka, babu akaridhika. Jumapili iliyofuata stelingi alifyatua risasi tisa kwa bastola ya risasi sita, na babu akaeleza kwamba bastola za Marekani hujijaza zenyewe. Jumapili ya tatu farasi walikimbia juu ya alama mbili ndefu zilizonyooka kwenye vumbi, katika nchi ambayo, kwa maelezo ya babu mwenyewe, gari lilikuwa bado halijafika.

"Hizo ni alama za tairi za lori," alisema Baltazari. "Tena tairi mpya."

"Ni nyoka."

"Nyoka wawili?"

"Wawili. Mume na mke."

"Hata kona wanakata pamoja?" Hamis aliuliza. "Basi hiyo ndoa imeishinda yangu."

Watu walivunjika mbavu, na safari hii aliyechekwa hakuwa Baltazari. Babu yangu alikuwa mtu wa kusahau tafsiri, si wa kusahau kicheko.

Na ubaya ni kwamba Baltazari alikuwa akimpenda Regina, binti wa Gelasius, naye Regina alikuwa akimpenda. Walijuana kizuizini. Regina alikuwa akitoka Kabungu na kikapu cha karanga. Baltazari akakagua kikapu, akakagua kanga, akakagua hadi nyayo, akaanza kuandika cheti. Regina akamwambia, "Kaka, mbona hujakagua kofia yako?" Aliivua. Mbung'o alikuwa ametulia juu yake, mbawa zimepandana kama kawaida yao. Baltazari amenisimulia jambo hilo mara nyingi kuliko mengine yote.

Wazee wake walipopeleka posa, babu hakukataa. Alifanya jambo la hovyo zaidi: aliweka sharti.

"Jumapili ijayo meneja wa mgodi anakuja ukumbini na mkewe. Kijana wenu akae mwanzo hadi mwisho, asinitie aibu. Akinyamaza, mrudi Jumatatu tupange harusi. Akishindwa, msirudi."

Jumapili ilifika. Meneja na mkewe walikaa viti vya mbele. Wanawake walikaa upande wao, karibu na madirisha, na Regina kati yao. Baltazari aliikalia mikono yake.

Filamu ile ilikuwa mbaya kuliko zote. Stelingi alivuka mto, maji yakamfika kiunoni, akatoka suruali ikiwa kavu. Mshumaa ulikuwa kipande, mara ukawa mrefu, mara kipande tena. Jambazi alipiga kofia ya stelingi risasi, ikatoboka ukingoni, upande wa kulia. Afadhali, alisema babu, kichwa kilipona. Dakika mbili baadaye, kisimani, kofia ilikuwa nzima. Kanisani, siku ya ndoa ya stelingi, tundu lilikuwa limerudi, upande wa kushoto. Watu waliokuwa na umeme, magari na mafundi wa kila aina walishindwa kukumbuka kofia moja.

"Umekufa?" Hamis alimnong'oneza Baltazari.

"Niache."

Alinyamaza hadi taa zikawashwa. Posa ilikuwa imepita. Babu alikuwa na kazi moja tu iliyobaki, kukunja shuka lake na kwenda nyumbani. Lakini kunyamaziwa hakukumtosha. Alitaka kusifiwa, tena mbele ya meneja.

"Bwana Mbung'o!" aliita, fimbo ikimwelekea Baltazari. "Simama. Leo umetazama filamu yote. Waambie watu, umeona kosa lolote?"

Hamis aliinamisha kichwa.

"Sema tu: hakuna kosa. Twende zetu."

Baltazari alisimama.

"Kofia," alisema. "Ilitoboka kulia. Kisimani ilikuwa nzima. Kanisani tundu liko kushoto."

Meneja alijua Kiswahili. Alicheka mpaka akatoa leso, akamweleza mkewe, naye akacheka. Kisha ukumbi mzima ukacheka, wale wale waliompigia babu makofi kwa bastola za kujijaza zenyewe. Babu alisubiri kicheko kiishe, akasema kwa sauti ya kufika mlangoni: "Binti yangu haolewi na mtu wa nzi." Jumatatu wazee wa Baltazari hawakurudi.

Mwaka uliofuata mama yangu, Regina, aliozwa kwa msaidizi wa babu pale stoo. Huyo ndiye baba yangu, mtu mpole ambaye hajawahi kugundua kitu chochote, hata mama anaponyoa nywele. Baltazari naye alioa mwanamke wa Kakese, akahamia huko, na ndiko anakoishi mpaka leo.

Nilimtembelea likizo iliyopita. Asubuhi nilikaa kizingitini nikimtazama anavyoizunguka baiskeli. Swali langu lilikuwa moja, na nilikuwa nimelibeba tangu shuleni.

"Mzee, siku ile ungesema tu hakuna kosa, nani angejua?"

Alipitisha kidole kwenye madigadi, akakitazama.

"Regina. Naye aliiona ile kofia."