Njia ya Kamba

Juzi ziwani Kisumu nilimwona mtu akipanga winchi ya kuvutia kamba na kapi, gurudumu la kuipitishia, kwenye mashua ya tanga, akihakikisha kamba haipiti walipokaa watu. Nikamkumbuka Mama.

Nilipokuwa mdogo, lori lake la mahindi lilikuwa limekwama kwenye matope, barabara ya kwenda mji wa Turbo, hewa ikinuka dizeli. Wanaume walifunga kapi kwenye mti wa karibu, wakashika winchi, tayari kuizungusha.

"Ngojeni," Mama akasema. "Kapi ifungwe kwa ule mti mwingine, kamba ipite mbali na nyinyi." Kisha akanigeukia. "Na wewe toka hapo, enda ukae kule shambani."

Nilienda nikinuna, nikidhani ananinyima raha.

Walipohamisha kapi na kuanza kuzungusha, kamba ilikatika kwa kishindo, ikachapa nyasi pale nilipokuwa nimesimama. Mama aliiunga kwa fundo, akaifuata kwa macho mpaka mwisho, akasema, "Haya, zungusheni."