Maranda na Udongo Mgumu

Nyuma ya karakana ya mbao huko Kizota, nilikuwa nikiwafundisha watu watano teke la kuruka huku unazunguka. Fundi seremala alituruhusu kuangukia lundo lake la maranda, mradi tuyakusanye vizuri kabla wafuga kuku hawajaja kuyachukua.

Mimi hupenda kueleza. Teke hili lina mpangilio wake: uso unageuka kwanza, mabega yanafuata, kisha kiuno. Goti la kushoto linapanda, mguu wa kulia unasukuma ardhi na kupiga, na wa kushoto ndio unaotua kwanza, goti likiwa limelegea. Wiki tatu tulifanya kugeuka na kutua tu, pembeni, kwenye udongo mgumu. Maranda tuliyaweka kwa ajili ya baadaye.

Ndipo mchomeleaji wa mageti wa jirani alipoanza kuja. Tulijifunza mateke pamoja zamani kule Makole, na hatukuwahi kupendana.

"Mwalimu wa hotuba!" alisema. "Wiki tatu mnageuza shingo. Mmepoteza mbuzi?"

Wanafunzi wangu walicheka. Yeye akakimbia, akaruka, akazunguka, teke likakata hewa kama panga, akazama kwenye maranda hadi magotini. Wakampigia makofi. Jumamosi iliyofuata wawili walihamia upande wake wa lundo. Iliyofuata tena, wakawa wanne. Nikabaki na dada mmoja mshonaji.

"Kaka, hata huyu nakuachia," nilimwambia mchomeleaji, nikikanyaga udongo mgumu. "Piga teke lako hapa. Ukitua salama, nafunga darasa."

"Hata sasa hivi. Sogea, usije ukapigwa bure."

Kosa lake nilikuwa nimeliona tangu siku ya kwanza. Maranda yalimdekeza: alitua mguu umenyooka kama nguzo, na lundo likamsamehe kila mara. Maneno mawili yangetosha: legeza goti. Mimi, ambaye nayarudia maneno hayo mara arobaini kwa asubuhi moja bila kuchoka, nilikunja mikono.

Teke lilikuwa zuri sana. Kisha goti likalia, na sote tukalisikia.

Tulimkalisha kwenye gogo, mguu mbele yake. Alinitazama mimi tu.

"Macho yako yalikuwa kwenye goti langu kabla sijaruka."

"Ndiyo."

"Ulijua."

"Ulikuja kunidharau mbele ya watu wangu."

"Sawa," alisema, akiwa ameuma meno. "Basi wafundishe na hilo."

Wale wanne walimbeba hadi kwenye bajaji. Hakuna aliyeniaga.

Jumamosi iliyofuata alikuja mshonaji peke yake. Alisimama kwenye udongo, akageuza uso, mabega yakafuata, kisha akasita.

"Mwalimu, nikikosea utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Hata siku nitakayokuudhi?"

Nilichelewa kujibu. Naye hakuruka.