Mlango wa Choo Uliofadhiliwa

Niliiba bango la serikali mchana kweupe, nikalipigilia kwenye choo chetu liwe mlango. Nalisema mapema ili mtu asifikiri nitajitetea. Spana niliazima kwa fundi wa baiskeli, na watu walipita wakanisalimia. Jamaa mmoja hata alinishikia upande mmoja lisiniangukie mguuni. Alidhani nimetumwa na kaunti. Kwetu Obunga, ukionekana unafungua kitu cha serikali na huna haraka, wewe ni mfanyakazi.

Bango lenyewe lilikuwa kando ya njia yetu tangu mvua za mwaka uliopita. Liliandikwa MRADI WA MAJI SAFI NA MAJI TAKA, na chini yake kulikuwa na picha ya mama anayefungua mfereji huku anacheka, meno meupe, leso haina hata tone la mafuta. Sijui walimtoa wapi. Mama wa Obunga akifungua mfereji hacheki. Anategea sikio, kwa sababu mfereji wetu hutoa upepo kwanza, kisha kikohozi, kisha basi.

Na mradi ulianza vizuri, tusiwaonee. Kulikuwa na baraza, tukagawiwa soda, tukaulizwa kama jamii tungependa kuanza na maji safi au maji taka. Mzee mmoja akainuka na chupa yake mkononi. "Leteni hiyo safi. Taka tunajitengenezea wenyewe, na hatujawahi kuomba mfadhili." Watu walicheka mpaka soda ikatokea puani. Bwana wa kaunti, mwenye tai, aliandika maneno hayo kama maoni ya wananchi.

Baadaye mabomba ya bluu yakaletwa. Mtaro ukachimbwa kutoka barabara ya lami, ukaja, ukaja, ukafika mbele ya kibanda cha fundi wa viatu, ukachoka. Mabomba yaliyobaki yalilundikwa hapo na mbuzi wakahamia juu yake. Kitu pekee kilichokamilika ni bango. Lilikuwa na nguzo za chuma, zege miguuni, na bati nene ambalo nyumba yetu haijawahi kuliona. Ukiniuliza, mradi ulikuwa wa bango; mabomba yalikuja kulisindikiza.

Mama yangu hukaanga mgongo wazi. Ni ile mifupa ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa na kupelekwa ng'ambo. Kichwa, uti wa mgongo na mkia ndivyo vinavyokuja kwetu, vinakaangwa mpaka vinalia kama bisikuti, na watu wanapanga foleni. Nilipokuwa darasani siku moja mwalimu alieleza jinsi wafadhili wa ng'ambo wanavyotuma pesa za maji. Nikanyoosha mkono nikasema nimeelewa, ni kama samaki tu: minofu inashukia njiani, Obunga tunaletewa mgongo. Nilipigishwa magoti nje mpaka kengele ya chakula.

Sasa, likizo ya Aprili, afisa wa afya alipita kwenye ploti yetu. Akaangalia karai la mama, akaangalia maji, akaomba kuona choo. Choo kilikuwa na shimo, kuta na paa, lakini mlangoni palining'inia gunia, na siku hiyo upepo wa ziwa ulikuwa umelichukua ukaenda nalo.

"Mama, hapa unauzia watu chakula?" akauliza.

"Ndiyo, Bwana."

"Na choo iko uchi?"

"Mwenye ploti amesema ataleta mlango."

"Amesema lini?"

Mama akanitazama mimi, kwa sababu mwenye ploti aliposema hivyo mara ya kwanza nilikuwa sijaota meno ya mbele.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alisema Jumatatu asubuhi atarudi, na asipokuta mlango atamwaga mafuta na kufunga jiko. Mama hakubishana naye. Jioni hakuimba wakati wa kuosha sufuria, na mama yangu, mwimbaji wa kanisa, huimba hata akiumwa na jino. Karo yangu, unga na kodi ya nyumba vyote hutoka kwenye lile karai. Baba tulimzika zamani. Karai likifungwa, hakuna mlango mwingine wa kubisha.

Ndipo Jumamosi, mama akiwa kwenye foleni ya mifupa kiwandani, nikaazima spana.

Alirudi na beseni kichwani, akalikuta bango limesimama chooni, limeshikwa kwa vipande vya tairi kuukuu badala ya bawaba, na yule mama wa picha anamcheka. Beseni lilishuka polepole.

"Nyathini," akasema. Kwa Kijaluo ni "mtoto huyu", na nikiitwa hivyo huwa najua bado hajaamua kama mimi ni wake. "Umeiba serikali?"

"Mama, si wizi. Barazani walisema mradi ni wa jamii. Mimi ni jamii."

Kofi lililonijibu lilikuwa la maji taka kabisa. Halafu akakaa kwenye kigoda, akaangalia karai, akaangalia mlango. Aliwaza muda mrefu kuliko mwizi yeyote niliyewahi kumwona.

"Geuza," akasema mwishowe. "Maandishi yaingie ndani. Jumatatu afisa akipita tu, unarudisha. Usipolirudisha nitakupeleka kwa chifu mimi mwenyewe, na sitakuletea chai huko."

Nikageuza. Kwa nje likawa bati tupu la heshima. Kwa ndani, ukichuchumaa, ulitazamana uso kwa uso na mradi.

Jumatatu afisa alikuja, akafungua, akafunga, akafungua tena. Kama alisoma, alinyamaza. "Endelea na kazi, Mama." Mama akawasha moto na kuimba beti zote. Nilikuwa natafuta spana nirudishe bango ndipo nikaona magari meupe yanashuka kwenye njia yetu.

Walikuwa wafadhili, na viatu vyao vya mpira vilikuwa vipya mpaka vinanuka duka. Mbele yao alikuwa yule bwana wa tai, jasho likimtoka. Wakasimama kwenye zile nguzo mbili. Mzungu mmoja, mama mtu mzima, aliinua kamera, akaishusha.

"Bango liko wapi?"

"Limepelekwa kupakwa rangi, Madam," bwana wa tai akajibu bila kupepesa. "Tuwaone kwanza wanufaika."

Wanufaika tulikuwa sisi. Wakaja moja kwa moja kwenye karai la mama. Mama akanyamaza katikati ya ubeti. Chini ya moshi aliniambia kwa sauti ndogo, "Kaa hapo hapo. Usiseme kitu. Hata ukiulizwa jina."

Bwana wa tai akaanza kueleza jinsi maisha ya akina mama yalivyobadilika. Tungepona kabisa, ila mwenye ploti alikuwa amekuja kudai kodi, na kabla ya kudai aliingia chooni. Akakohoa. Akamaliza. Akausukuma mlango wazi mpaka ukagonga ukuta, akatoka anafunga mshipi, na kando yake, kwa rangi isiyopauka, MRADI WA MAJI SAFI NA MAJI TAKA, na yule mama na mfereji wake anatucheka sote.

Mkono wa mama ulinishika shati mgongoni. Sikujua kama ananilinda au ananizuia nisikimbie.

Mzungu akasoma taratibu. "Hii ni... choo ya mradi?"

Bwana wa tai alitazama choo, akamtazama mwenye ploti, akanitazama mimi. Nikamwonyesha meno kama yule wa picha.

"Ndiyo, Madam," akasema. "Hii ndiyo awamu ya kwanza. Jamii imeumiliki mradi."

Wakapiga makofi! Wakapiga picha za mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa. Mwenye ploti, ambaye maisha yake yote hajawahi kununua hata msumari, alisimama katikati kama bwana harusi na kuwashukuru wafadhili kwa kumkumbuka. Mama alipigwa picha ameshika kijiko cha kukaangia, hacheki.

Wageni walipokuwa wanarudi magarini, bwana wa tai alibaki nyuma, akatuinamia.

"Sitauliza nani. Hilo bati lisitoke hapo, mnasikia? Limeshaingia kwenye picha. Mkilitoa, mmeharibu mradi."

"Na lile la barabarani?" nikauliza. Nilikuwa nimekatazwa, lakini mdomo wangu haukuwa kwenye baraza hilo.

"Tutaweka lingine. Kubwa zaidi."

"Na maji, Bwana?" mama akauliza.

"Maji, Mama, ni awamu nyingine."

Magari yakaondoka, yakizunguka mtaro wao. Mama akageuza mifupa upande wa pili, ikalia. Mimi niliweka shavu tayari, kwa kuwa nilikuwa nimeiba, nimeongea, na nimecheka mbele ya wageni, yote katika likizo moja. Hakuniangalia. Aliangalia juu ya jiko lake, pale ambapo mawingu ya mvua yalikuwa yanakuja kutoka ziwani.

"Hilo kubwa wakileta," akasema, "usiguse kabla sijapima. Hapa ninapokaangia mvua inaninyeshea."